Sheldon, Abed na sisi wenye usonji: mnacheka naye au mnamcheka?

#1 KochiLaKushoto

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite taratibu hakuna ugomvi.

Mimi nina usonji, kwa kizungu autism. Nimejua nikiwa na miaka 31, yaani utoto wote na ujana wote nimeishi na majina mengine, mara mjuaji, mara ana maringo, mara "huyu yupo yupo tu". Daktari aliponiambia sikulia wala sikufurahi, nilimuuliza kama ile karatasi ya majibu naweza kupata nakala mbili. Basi. Ila leo sikuja kusimulia hayo, nimekuja kusimulia kochi.

Miaka kama sita kabla ya kupimwa nlikua nakaa na washkaji wawili, jioni ikifika wanaweka The Big Bang Theory, ile komedi ya Marekani ya wanasayansi, Sheldon akiwa mmoja wao. Mimi sio mtu wa tivii sana, nlikua nakaa tu. Siku hiyo wakaanza episodi ya kwanza kabisa, ile ya 2007, Penny ni jirani mgeni kaingia sebuleni kwao kakaa kwenye kochi upande wa Sheldon, Sheldon anamwambia hapo ni pangu. Anaulizwa kwani pana tofauti gani, anaanza kueleza: wakati wa baridi hapo ni karibu na kipasha joto ila sio karibu kiasi cha kutoa jasho, wakati wa joto upepo wa dirisha hili na lile unapita hapo hapo, na tivii unaiona kwa pembe ambayo haikuzuii kuongea na mtu, na wala sio ya pembeni sana mpaka picha ipinde. Washkaji wakacheka mpaka mmoja akamwaga kinywaji. Mimi sikucheka. Mimi nlikua naitikia kwa kichwa. Yaani nlikua naona huyu jamaa kajieleza vizuri, hoja zake zimekamilika, nasubiri Penny aseme ahaa samahani nahama. Halafu nikasikia kile kicheko cha ukumbi mzima kwenye tivii, na ndo nikagundua mimi mwenyewe nimekaa wapi. Nlikua nimekaa kwenye kochi, mwisho upande wa kushoto, pale ninapokaaga kila siku, na wale washkaji walikua wameshaacha kuangalia tivii, wananiangalia mimi.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Sheldon. Nikiingia sebuleni "mpisheni Sheldon". Na sitaki kudanganya, nililipenda. Nikawa nafanya na makusudi kama yeye, nagonga mlango mara tatu naita jina la mtu, nagonga tena mara tatu naita tena, wanacheka, nami najisikia leo nimewachekesha watu kwa kupenda kwangu. Hapa ndo pana utata wangu wote. Kwa mara ya kwanza watu walikua na jina la kuniita ambalo sio tusi. Walikua wananivumilia kwa sababu kuna mtu kwenye tivii anafanya haya haya na dunia nzima inampenda. Lakini siku ambayo nimezidiwa kweli kweli, taa inanichoma macho, kila sauti inaingia kwa wakati mmoja, naomba wapunguze redio, wanacheka. Wanadhani ni episodi.

Baadae sana nikakutana na Community, komedi nyingine, ya kikundi cha wanafunzi wa chuo. Humo kuna Abed, kaigiza Danny Pudi. Episodi ya tatu ya msimu wa kwanza, baba yake hataki asomee filamu, anataka aje kurithi mgahawa wa familia. Abed anapewa kamera, anaanza kuwarekodi Jeff na Britta wa kikundi chake, wanamgombania, kila mtu anamfokea, yeye kimya, kakazana na kamera yake. Mwisho anaonyesha alichotengeneza. Jeff na Britta ndo baba na mama, na unagundua ni hadithi ya mama yake kuondoka, na kwamba Abed miaka yote anaamini mama aliondoka kwa sababu yake. Baba anaangalia analia. Halafu anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mwanae ni mgumu kueleweka na kama filamu ndo itamfanya aeleweke basi yeye atalipia.

Nilisimamisha hapo nikaenda kunawa uso.

Sasa tofauti niliyoiona ni hii, naomba mniambie kama nakosea. Community haina watazamaji ukumbini, hakuna anaecheka. Kimya kile wanakuachia wewe. The Big Bang Theory ilikua inarekodiwa mbele ya watu, kwa hiyo kicheko kinakuonyesha kidole, cheka hapa, mcheke huyu. Mtandaoni kuna klipu watu wameondoa kile kicheko. Nimeziangalia. Bila kicheko Sheldon ni mtu anaeeleza shida yake na wenzake wanakaa kimya wanamtazama, yaani inatisha. Hiyo ndo sauti ya maisha yangu kazini.

Swali langu kwa wenye usonji humu, na wazazi, na yeyote: mnajiona kwa nani? Na mkijiona, mnacheka naye au mnamcheka?

#2 Bundi_Mchana

Nimesoma mpaka mwisho. Hapo kwenye "wanadhani ni episodi" nimekaa kidogo. Ngoja na wengine waje.

#3 MzeeWaFakti

Mleta uzi, nimekuelewa na pole, lakini kuna jambo lazima lisemwe mapema kabla uzi haujaenda mbali. Sheldon hakuandikwa kama mtu mwenye usonji. Bill Prady, aliyeitunga hiyo sirizi pamoja na Chuck Lorre, ameulizwa hili mara nyingi na jibu halibadiliki: tabia zake zilitokana na watu wa programu za kompyuta aliowahi kufanya nao kazi, na hawakumpa jina la hali yoyote. Ndani ya sirizi yenyewe Sheldon akiulizwa anajibu kwamba hana wazimu, mama yake alimpeleka kupimwa. Misimu 12, episodi 279, kuanzia 2007 hadi 2019, Jim Parsons aliyemwigiza kachukua tuzo 4 za Emmy kwa uhusika huo huo, na hakuna daktari aliyetokea kumpa jina.

Kwa hiyo mnapomwita mwenzenu mnamvalisha nguo ambayo fundi hakumshonea.

#4 KochiLaKushoto

Mzee nakuheshimu ila hapo ndo penyewe hasa. Fundi hakutushonea lakini vipimo alichukua kwetu. Sehemu moja tu ya kukaa. Siku moja ya kufua nguo, Jumamosi saa mbili na robo usiku, haisogei. Mkataba wa kuishi na mwenzake wenye vipengele mpaka vya joto la chumba. Kutojua kejeli mpaka Leonard anaeishi nae amwinulie kibao kimeandikwa kejeli. Ukishakusanya hayo yote kwa mtu mmoja halafu ukasema sijampa jina, umekwepa kitu. Jina ni deni. Ukilitaja inabidi ujue taa inaumaje, inabidi uonyeshe mtu anakuaje siku mbili baada ya sherehe, amelala na nguo zake. Usipolitaja, watu wanacheka bila kuona aibu.

Sasa chukua Dan Harmon, mtunzi wa Community. Watu walikua wanamuuliza kama Abed ana Asperger, jina la zamani la aina moja ya usonji, akaenda kusoma ili asije akaandika upuuzi, anasoma anasoma akajikuta anasoma habari zake mwenyewe. Mwaka 2011 akayaeleza kwenye jarida la Wired. Yaani mwandishi kamtunga mtu, na huyo mtu ndo akaja kumwambia mwandishi yeye ni nani. Mimi nikiisikia hiyo nafurahi peke yangu kama mtoto.

#5 SautiYaChini

Naomba niongee kama mwanamke maana naona tunaongelea wanaume wawili hapa.

Nimepimwa nikiwa na 38. Kwa Sheldon sikuwahi kujiona hata siku moja, na hiyo ilinichelewesha. Nlikua nawaza mwenye usonji ni yule, anaongea bila breki, anawaambia watu hawana akili, hajali nani kakasirika. Mimi najali mpaka naumwa. Mimi ndo yule ambae kwenye kikao anacheka nusu sekunde baada ya wengine kwa sababu anasubiri kuona kama ni utani.

Nina daftari. Sijawahi kumuonyesha mtu ila humu hakuna anaenijua. Ukurasa mmoja juu umeandikwa "mtu akifiwa". Mwingine "mtu akivaa nguo mpya imempendeza". Mwingine "mtu akivaa nguo mpya haijampendeza". Hiyo miwili ya mwisho jibu ni lile lile, ilinichukua miaka kujua kwamba jibu ni lile lile.

Na lugha yetu hii wakuu, mbona ina mitego. Bosi wangu wa zamani nikimpelekea ripoti anasema "haya bwana". Mwaka mzima najua haya maana yake nimekubali. Siku mwenzangu akaniambia, dada, haya bwana ya yule mama ni mlango unafungwa. Au mtu anainuka anasema "nakuja sasa hivi" na mimi nakaa namsubiri. Nimewahi kusubiri saa moja na nusu. Kumbe alikua anaaga.

Kuhusu Abed nina neno. Kuna episodi ya msimu wa kwanza, ya 17, kikundi kinataka abadilike ili apate msichana, basi anabadilika, mara hivi mara vile, anaigiza mtu yeyote wanaemtaka, haraka kama kubonyeza swichi. Mwisho anawaeleza kwamba hana shida kujibadilisha kwa ajili yao kwa sababu yeye anajijua na anajipenda, wenye wasiwasi ni wao. Watu wengi wenye usonji wanaipenda hiyo episodi. Mimi ilinikasirisha. Kwa sababu kuvaa sura sio swichi, mimi nikirudi nyumbani kutoka kazini nakaa sakafuni mlangoni, viatu sijavua, hata nusu saa, siongei, uso umechoka yaani misuli kabisa ya uso, na huo ni mshahara wa kuonekana wa kawaida kwa saa nane. Nlitaka wanionyeshe Abed akiwa sakafuni.

#6 Chuma_cha_Pua

Siku hizi kila mtu ana usonji. Zamani mtu kama Sheldon aliitwa mkorofi na akaishi vizuri tu na ukorofi wake. Mnakuza mambo.

#7 Bundi_Mchana

Aliishi vizuri nani kakwambia. Ulimuuliza?

#8 MzeeWaFakti

Chuma, kwa faida yako na ya wengine: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hiyo siyo "kila mtu", na siyo wachache vile. Kama umewahi kusoma darasa la watu arobaini mara tatu au nne, kuna uwezekano mkubwa umeshakaa na mmoja. Pengine ni yule uliyemwita mkorofi.

#9 Chuma_cha_Pua

Haya bwana.

#10 SautiYaChini

😂😂😂 hii sasa naielewa.

#11 MamaWaMmoja

Jamani mimi ni mzazi sio mwenye usonji naomba mnivumilie naandika haraka kabla hajaamka, mwanangu ana miaka 11 haongei, hajawahi kuongea, anatumia tablet ya picha anabonyeza inamtamkia na saa zingine hataki hata hiyo anakuvuta mkono tu, sasa nikisoma uzi huu nafurahi kwa ajili yenu kweli ila kuna kitu kinanikaba, tangu ile filamu ya Rain Man ya 1988, ya mtu mwenye usonji na kipaji cha namba, mpaka huyu Sheldon kila nikimwambia mtu mwanangu ana usonji swali la pili ni "ana kipaji gani", hesabu? piano? anakumbuka tarehe? na nikisema hana wananiangalia kama vile nimepewa mzigo bila ile zawadi yake, yaani usonji wanaoujua ni ule wenye fidia, mimi siku hizi najibu kipaji chake ni kujua nimekasirika kabla mimi mwenyewe sijajua, anakuja ananibonyeza kati ya nyusi na kidole.

Halafu cha kuchekesha hiyo Big Bang Theory anaipenda sana, ila hadithi hana habari nayo, anapenda ule mwanzo tu zile picha zinazopita haraka haraka toka dunia inaanza mpaka wale watu wamekaa kwenye kochi, anairudisha hata mara thelathini, ikifika wamekaa kwenye kochi anarudisha, hao wahusika wenyewe hajawahi kuwasikia wakisema neno. Kwa hiyo nyie mnabishana nani anawawakilisha, wa kwangu bado hayupo kwenye kochi.

#12 KochiLaKushoto

Mama nimesoma mara tatu. Sina jibu zuri nisije nikaandika la kukufurahisha tu.

Ni kweli na mimi nimo. Kuna siku kazini mtu alisema mpwa wake ana usonji haongei, nikajisikia nikisema haraka haraka "mimi sio wa aina hiyo". Hakuna aliyeniuliza. Nilisema ili nisiwekwe huko. Lile neno Asperger watu wengi tulilishika kwa sababu hiyo hiyo, lilikua kama kadi ya kuingilia mlango mwingine.

#13 MzeeWaFakti

Kwa kuwa limetajwa: hilo neno kitabu cha wataalamu wa akili wa Marekani, toleo la 5, kililiondoa mwaka 2013, kila kitu kikawekwa chini ya usonji wenye wigo mpana. Ndiyo maana katika sirizi zilizoanza kabla ya hapo linasikika. Community ilianza 2009 na Jeff anamtupia Abed neno hilo kwenye episodi ya kwanza kabisa, kama tusi, wenzake wawili wakalicheka kwa jinsi linavyosikika. Na mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa kazi iliyoonyesha kuwa Hans Asperger, daktari wa Vienna, wakati wa Wanazi alikuwa akipendekeza baadhi ya watoto wapelekwe Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto waliuawa. Waliopelekwa ni wale walioonekana hawafai. Wale waliosifiwa walikuwa na vipaji.

Kwa hiyo anachosema Mama hapo juu kina historia ndefu kuliko televisheni.

#14 Bundi_Mchana

Dah. Mzee leo umeshusha.

Mimi nina usonji pia, nilikua nasita kuingia. Nataka kumtetea Sheldon kidogo maana naona anapigwa peke yake. Mleta uzi umesema kicheko ndo kinaharibu, nakubali nusu. Ila kuna episodi ya msimu wa pili, ya 11, ya Krismasi. Penny kamwambia atampa zawadi. Sheldon anachanganyikiwa, maana kwake zawadi ni deni, ukipewa ya thamani fulani lazima urudishe ya thamani hiyo hiyo, na hajui ya Penny ni ya thamani gani. Anafanya nini? Ananunua vikapu vya zawadi vya ukubwa tofauti, vyote. Mpango ni kwamba afungue ya Penny kwanza, akadirie, asingizie tumbo limemkata aondoke, achague kikapu kinacholingana, vingine akavirudishe dukani. Wakuu, MIMI NIMESHAFANYA HIVI. Sio mfano wake, hivi hivi. Nlikua na bahasha tatu kwenye begi zenye viwango tofauti, naenda chooni kila nusu saa kukagua.

Basi Penny anampa kitambaa cha mkono cha karatasi. Leonard Nimoy, yule muigizaji wa Star Trek ambae Sheldon anamhusudu, amejifutia mdomo na kukisaini. Sheldon miguu inaisha nguvu, anarudi na vikapu vyote, vyoote, na bado anaona havitoshi, mwisho anamkumbatia Penny. Vibaya, mikono kama mbao. Ukumbi unacheka na unashangilia. Hapo mimi sikuona wanamcheka. Hapo Penny alikua amemsoma, alijua huyu mtu furaha yake iko wapi, na alikua ametumia lugha ya Sheldon sio yake.

Kuna mwanasosholojia wa Uingereza anaitwa Damian Milton, nae ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba hili la kusema sisi ndo hatuelewi watu ni nusu ya habari, na wao hawatuelewi sisi, daraja limekatika pande zote mbili ila anaepelekwa kurekebishwa ni mmoja. Kile kitambaa ni mara moja Penny alivuka yeye.

#15 KochiLaKushoto

Bundi bahasha tatu!!! Nimecheka mpaka nimesimama. Nimecheka na wewe, naomba ieleweke hivyo.

Nakubali kuhusu kitambaa. Ila angalia na ule mlango. Misimu tisa tunacheka kugonga mara tatu. Msimu wa 10 ndo Sheldon anaeleza, alirudi nyumbani kutoka chuoni akiwa kijana mdogo, akafungua mlango wa chumba bila kugonga akamkuta baba yake na mwanamke mwingine. Toka siku hiyo anagonga, na mara ya pili na ya tatu ni za kumpa mtu nafasi avae. Yaani ni ulinzi. Nilivyoisikia nikakumbuka nilivyokua naifanya kwa washkaji ili wacheke. Mimi vyangu pia vina sababu, ila hakuna msimu wa 10 wa kuvieleza.

#16 Mlinganyo

Nimechelewa ila nina la kupinga. Sheldon na Abed wote wameigizwa na watu ambao hawajawahi kusema wana usonji. Tunabishana ni nani katuiga vizuri zaidi. Kwa nini tusiongelee wenyewe wakiwa mbele ya kamera? Kuna sirizi ya Everything's Gonna Be Okay ya 2020, binti mwenye usonji kaigizwa na Kayla Cromer ambae nae anao. As We See It ya 2022, watatu wote wakuu wana usonji kweli. Ndani yake kuna jamaa hatoki nje kwa sababu nje ni kelele, na hakuna anaemwandikia kipaji. Kwa bahati mbaya ilikatwa baada ya msimu mmoja, episodi 8. Sheldon kapata 279.

Na Abed msimfanye malaika. Msimu wa 3 alikua anawapelekesha watu, chumba kizima kageuza uwanja wa kuigiza hadithi zake na rafiki yake Troy ndo anaelipa bei.

#17 SautiYaChini

Lakini ni humo humo msimu wa 3 mkuu, Annie wa kikundi chao anaingia nae kwenye hicho chumba na mwisho tunaona Abed kajiweka kwenye kabati, amefungiwa, kwa sababu kichwani kwake kashapiga hesabu kwamba wenzake wote watamchoka na atabaki huko mwenyewe. Hakulia. Anaieleza kama ripoti. Ule usawa wa sauti ndo uliniua. Watu wakisikia sauti haipandi wanadhani hakuna kitu ndani. Mimi nilivyofiwa na dada yangu nilipanga viti. Nilipanga viti vyote vya wageni kwa mistari, nikahesabu, nikapanga upya. Shangazi akasema tazama hata hajaguswa.

Kwa hiyo ndio, nilisema nimekasirishwa na Abed na bado nimekasirika, ila kwa ajili ya lile kabati nimemsamehe karibu yote.

#18 Bundi_Mchana

Pole sana dada. Viti navielewa.

#19 MamaWaMmoja

Kaamka. Nimemsomea kidogo uzi wenu kwa sauti sijui kasikia nini, kapita kwenda kwenye tivii yake. Mlinganyo hiyo As We See It ina kelele nyingi? maana tukiangalia wote lazima nijue kabla

#20 Mlinganyo

Kuna vipande vina kelele mama, hasa huyo jamaa akitoka nje, wameongeza sauti makusudi usikie anavyosikia yeye. Angalia peke yako kwanza. Na ni ya watu wazima, kuna mambo ya mapenzi.

#21 KochiLaKushoto

Mmenipa cha kuangalia wiki nzima. Naenda kuanza na hiyo ya Mlinganyo. Nimekaa pale pale, na kwa sasa naishi peke yangu kwa hiyo hakuna wa kumpisha.

#22 Mgeni_Njiani

Sijasoma yote. Kwa hiyo Sheldon anao au hana?

#23 MzeeWaFakti

Rudi #3.

#24 KochiLaKushoto

Halafu #4.